Mwaka wa prinsipo wetu uhesabiwe botini, si getini

Mhariri,

Gazeti lenu huku kwetu mtu halisomi peke yake. Linafika na boti pembe moja imeshalowa, halafu linazunguka gatini kwa watu kumi, kumi na tano, kabla halijaishia kufungia viazi vya karai. Mimi lilinifikia mwezi uliopita nikiwa nasubiri maji yajae, nikakuta ile makala yenu ya wakuu wa vyuo vya ufundi hapa Pwani, kila mmoja amefanya nini kwa mwaka mzima. Nikasoma yote sikuruka hata mstari. Huyu kajenga ukumbi, yule kaletewa basi, mwengine kapiga picha na wakubwa wameshika mkasi na utepe, mwengine kaweka geti jipya lenye jina la chuo kwa herufi za kung'aa. Nikawa nangojea wa kwetu. Kufika kwake, mstari mmoja tu, ati amekarabati ua.

Ua! Nilicheka mpaka watu wakaniuliza kuna nini, halafu nikakasirika, halafu nikaenda dukani nikanunua daftari. Sijaandika barua tangu ile ya kuposa na hiyo pia nilisaidiwa, kwa hivyo mkikuta makosa nirekebishieni nyinyi wenye kazi yenu.

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, ya Faza kuja Amu, yaani mji wa Lamu, na Mokowe kule bara, mwaka wa ishirini na ushei sasa. Shule niliishia darasa la nane. Chuoni sina cheo, sina mtoto anayesoma pale kwa sasa, na huyo mama, prinsipo wetu, hajanituma, tena akijua nimeandika najua atanigombeza. Ndo manake jina lake sitaji, na la chuo pia, wa huku mshajua na wa mbali haliwasaidii kitu.

Alikuja Januari ya mwaka jana, kaskazi imechachamaa. Mtu wa bara kabisa, wa kule Magharibi, mara yake ya kwanza kukanyaga boti, ana begi moja na boksi la mafaili kalikumbatia kama mtoto mchanga. Lazima niseme ukweli, sisi pale gatini tulikuwa tunabishana atakaa miezi mingapi. Walimu na maofisa wengi wakipangiwa Lamu, hasa tangu yale mambo ya Mpeketoni ya 2014, barua ya kuomba uhamisho huandikwa kabla begi halijafunguliwa. Mimi nilisema mitatu.

Basi tuko katikati ya maji, wimbi linapiga, wenzake wamejifunika nyuso, yeye ananiuliza, "Nahodha, hawa wanafunzi wangu wa visiwani huwa wanafika chuoni saa ngapi?" Nikamwambia, "Mwalimu, inategemea na mwezi." Akasema mwezi gani, Februari? Nikamwambia la, mwezi ule wa juu. Akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe anatafuta kalamu.

Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Boti ikitoka Faza, Kizingitini au Siyu kuja Amu lazima ipite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda si wa kupita saa yoyote utakayo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na huku kwetu hupwa asubuhi, ile saa nne hivi ndo pakavu kabisa. Ukichelewa kutoka Faza kidogo tu unakuta mchanga, boti inakaa, abiria wanakaa, mnapiga hadithi mpaka maji yarudi, na hapo adhuhuri imeshafika. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, hakuna shida, unapita utakavyo. Na kila siku saa za maji zinasogea mbele karibu dakika hamsini, kwa hivyo Jumatatu ya wiki hii si Jumatatu ya wiki ijayo. Hii ni elimu anayo kila mtoto wa Pate, kisiwa chetu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa miaka yote chuo kilikuwa kinafunga geti saa mbili na robo. Mtoto wa Kizingitini ameamka saa tisa usiku, amekwama Mkanda, anafika saa saba na viatu mkononi, askari wa geti anamwambia prinsipo amesema waliochelewa warudi kwao. Kwao wapi? Boti ya kurudi yenyewe ni mimi, na mimi nimeshageuka. Hao ndo wale mliokuwa mnaandika kwamba vijana wa Lamu hawapendi masomo. Mtoto akifukuzwa mara tatu nne haji tena, anaingia kwenye uvuvi au anakaa barazani na simu.

Huyu mama wiki ya pili akaja gatini akaniomba jedwali la maji, ile karatasi ya mwaka mzima, nikamwazima yangu yenye mafuta ya injini. Wiki ya tatu nikasikia imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, hapo hapo pembeni ya ratiba, na Jumatatu za bamvua masomo ya karakana yamehamishiwa mchana. Hilo tu. Halikuchukua mkutano wa siku tatu hotelini, halikugharimu zaidi ya fotokopi. Nikasema moyoni, huyu miezi mitatu ataipita.

Na mimi nina kipimo changu Mhariri, nacho sikukiona kwenye makala yenu. Boti yangu ina laifujaketi thelathini. Januari huwa zinavaliwa zote, watoto wapya, mabegi mapya, kina mama wanalia gatini. Kufika Pasaka nusu zinaning'inia. Kufika mwezi wa tisa wanafunzi waliobaki nawajua kwa majina na kwa njaa zao. Miaka yote ni hivyo hivyo, nilishazoea, kama mtu anavyozoea kusi na kaskazi. Mwaka jana Pasaka ikapita jaketi zikavaliwa zote. Ramadhani kabla yake zilivaliwa, Idd zilivaliwa, kusi ikaingia na mvua zake zikavaliwa, mwezi wa kumi ikabidi niende kuazima tano kwa mwenzangu manake kuna waliokuwa wameacha miaka ya nyuma wameanza kurudi. Mmoja ana ndevu na mtoto wa pili. Nikamuuliza wewe tena unaenda wapi, akasema, "Ami, nimesikia siku hizi hawafukuzi."

Kulikuwa na stoo pale chuoni iliyofungwa kwa miaka. Kila aliyeuliza funguo aliambiwa iko kwa fulani na fulani alishahamishwa. Mama akaita fundi akavunja kufuli mbele ya walimu wote, kila kitu kikaandikwa. Mle ndani mlikuwa na mashine za kuchomelea ziko kwenye nailoni, vyerehani, na injini mbili za boti hazijawahi kuonja petroli tangu zitoke kiwandani. Akanitumia mtu. Injini ya boti Mhariri ni kama punda, ukimfunga miaka bila kumfanyisha kazi humkuti vile ulivyomwacha. Impela ya pampu ya maji, ile mpira wa ndani, ilikuwa imekauka imekuwa kama biskuti, ukiiwasha hivyo hivyo injini inakosa maji ya kuipoza na unaiua siku hiyo hiyo ya kwanza. Siku tatu tulikaa chini ya mwembe na wanafunzi tukifungua, tukisafisha, tukibadilisha mipira na grisi, tukaitumbukiza kwenye pipa la maji, ikavuta mara mbili, ya tatu ikaitika. Watoto wakapiga kelele mpaka wapishi wakatoka nje. Halafu mmoja akanigeukia akasema, "Mwalimu, tuizime?" Mimi, mwalimu! Nilikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu, sikwambii uongo.

Ya pesa sitakaa sana, ila haiwezi kuachwa. Kwa miaka kadhaa karo ya vyuo hivi vya serikali ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali inatoa 30,000, mzazi anabakiwa na 26,420, na siku hizi wameleta tena mfumo mpya wa mikopo na misaada ambao hata walimu wenyewe wanaufafanua wakiwa wanakuna kichwa. 26,420 kwa mtu wa mshahara ni pesa, kwa mvuvi wa kamba wa Kizingitini wakati wa kusi, bahari imechafuka na hatoki, ni ndoto. Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, upo lakini unataka kitambulisho, na kitambulisho kwa sisi Wabajuni mnajua wenyewe hadithi yake, miaka mingi ilikuwa nenda rudi, leta babu, leta karatasi ya babu. Yeye alichofanya ni kuweka meza moja na mwalimu mmoja na kompyuta moja, kila Jumatano, kazi yake kujaza fomu za mikopo na basari na kufuatilia vitambulisho, na wenye shida ya karo waliandikishana kulipa kidogo kidogo. Na akapiga marufuku pesa taslimu kupita mkononi mwa mtu yeyote, benki au simu basi. Hapo alipata maadui, tena wengine wanavaa tai.

Lakini kama mngeniuliza mimi jambo la mwaka ni lipi ningewaambia ni la yule mzee wa Matondoni.

Matondoni ndo kwenye mafundi wa vyombo vya baharini, hilo hata watalii wanalijua. Huyu mzee ameunda madau, mashua na majahazi tangu kabla sijazaliwa, hana mchoro hata mmoja, anapima kwa shibiri na kwa jicho, anaweka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anapandisha mataruma, zile mbavu zake, anaziba nyufa kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka tone la maji halipiti. Barua anaandika kwa hati za Kiarabu, za kizungu hazijui. Wanawe wawili wako Mombasa mmoja anaendesha tuktuk. Kila mtu anasema kazi ya vyombo inakufa, anasema hivyo halafu anakunywa kahawa yake. Mama prinsipo akaenda Matondoni kwa miguu, jua la saa nane, akamwambia, "Mzee, nakuomba uje unifundishie watoto." Mzee akasema yeye yuko tayari. Ofisi ikasema haiwezekani, anayefundisha lazima awe na cheti.

Mwengine angeishia hapo, na angekuwa na sababu nzuri ya kuandika kwenye ripoti. Huyu akamwandikisha mzee mtihani wa tredi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi za viwandani, wa useremala, manake huo ni wa kazi ya mkono zaidi kuliko wa makaratasi. Na sheria ya mtihani ni unaanza chini. Kwa hivyo mtu ambaye majahazi yake yamefika Mombasa na Unguja akasimama na vijana wa miaka kumi na tisa kuunga mbao mbili mbele ya msimamizi, akapewa greidi ya tatu, ambayo ndo ya chini kabisa. Sisi tulikasirika kwa niaba yake. Yeye alikuja gatini na ile karatasi ameiviringisha, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Miaka arubaini naunda vyombo, yeo nimekuwa mwanagenzi wa serikali." Ameitia fremu. Na sai ana darasa, wanafunzi wa uchoraji wa ramani wanamfuata na futi wanapima kila taruma analoweka na kuliandika, kwa hivyo kwa mara ya kwanza dau la Matondoni liko kwenye karatasi. Limeshapakwa deheni chini, ile mafuta na chokaa ya kulinda mbao, bado tanga. Mbao ndo tatizo, miti ya mikoko kuikata ni kwa kibali na mbao nzuri zinatoka mbali kwa bei ya dhahabu, ndo manake ni moja tu.

Kwenye bandari pia ameingia. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa 20 Mei 2021, tatu za mwanzo zimeshajengwa na tunaambiwa mpango ni 32, na sisi tunaziangalia kwa mbali kama mtu anayeangalia harusi ya jirani. Wavuvi 4,600 walienda kortini na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ikaamua walipwe bilioni 1.76 kwa bahari waliyoharibiwa, hilo lenyewe ni barua nyingine. Kila kiongozi akienda kule huomba nafasi za kazi kwa vijana na hujibiwa vijana wenu hawana ujuzi. Mama alienda kuomba orodha ya vyeti, meli ikifunga gatini anahitajika nani na ana cheti gani. Akarudi nayo, akaibandika. Kozi mbili fupi zimeanza kutokana na hiyo karatasi. Kazi bado sijaziona, na nitaamini siku nitakapombeba mtoto wa Faza anaenda bandarini kwa zamu na si kupiga picha.

Kisa kimoja cha nyumbani. Binti ya binamu yangu alitaka darasa la injini za boti. Babake akaja kwangu amefura, "Bwana weye, mtoto wa kike na injini? Atatoka baharini na wanaume?" Mimi nikajificha nyuma ya kazi, sikujibu. Mama prinsipo akaja mpaka Faza na mwalimu mmoja wa kike wa hapa hapa, wakavua viatu, wakakaa mkekani, wakanywa chai ya tangawizi wakauliza hali ya kila mtu mpaka paka. Bibi mzaa baba ndo alikuwa hakimu. Akauliza, "Mwanangu, huko atavaa nini?" Akajibiwa, "Bibi, atatoka na buibui lake mpaka chuoni, karakana ana ovaroli na mtandio wake, na wasichana wako watatu si peke yake." Bibi akafikiri kidogo akasema, "Basi na aende. Babake mwenyewe injini yake mbovu mwaka wa pili huu na hakuna mwanamume aliyeitengeneza." Kesi ikaisha. Na ile injini sasa inafanya kazi.

Sisemi ni malaika. Ana haraka ya watu wa bara, miezi ya mwanzo alikuwa anaanza kuongea hata salamu hazijaisha, kuna mzee mmoja alimkatiza hivyo ofisini akatoka amenuna, na alichukua wiki nzima kuelewa kosa ni nini ndo akaenda kwake kuomba radhi. Bweni la wasichana ni lile lile, limejaa, wengine wanapanga vyumba mtaa wa Langoni kwa bei ya watalii. Kantini aliifunga kwa sababu ya uchafu, sawa, lakini mpya haijafunguliwa na watoto wanakula maandazi ya jana mwezi wa nne huu, hapo mimi namlaumu na nimemwambia. Nilimwambia pia kwamba wasiomtaka wataandika, na yeye haandiki, hapigi picha, chuo hata ukurasa wa fesibuku unasasishwa na mwanafunzi. Akanijibu ati ana kazi. Ndo hivyo, mkaandika ua.

Na huo ua kwa taarifa yenu ni kweli umekarabatiwa. Ilichukua siku mbili. Punda walikuwa wanaingia usiku wanakula miche.

Sasa mkitaka kuandika tena mtumeni mtu aje aone, mimi nambeba bure kwenda na kurudi. Asishukie Amu akapiga picha geti halafu akarudi hotelini Shela. Aje Faza Jumapili, malazi yapo kwangu na samaki wa kupaka tutampikia, Jumatatu apande na wanafunzi avae jaketi kama wao. Ila mwambieni aangalie mwezi kabla hajakata tiketi, manake kukiwa bamvua naondoka saa kumi na moja alfajiri na simsubiri mtu.

Nahodha wa boti ya abiria,
Faza, Lamu.